Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Sura ya Tisa

Mlango ulivunjika kwa teke la pili, na ndani hapakuwa na mchoraji. Palikuwa na mshona wigi aliyevaa shati la kulalia, vichwa kumi na vinne vya mbao vimepangwa ukutani kama wazee wa kanisa, na harufu ya nywele zilizochemshwa.

"Mkuu," askari Gadd alisema huku akihema, "labda amejificha ndani ya wigi."

Silas Oakshott hakucheka. Alimpita mshona wigi, akaenda moja kwa moja dirishani. Chini, katikati ya uchochoro wa Hartshorn, kulikuwa na pampu ya maji. Kando ya pampu alisimama mwanamke mwenye kikapu, akiuza mikate ya tangawizi. Silas alitoa picha mfukoni, akaikunjua, akailinganisha na alichokiona. Kwenye picha, pampu ilikuwa mkono wa kulia wa mwanamke aliyechorwa kwenye kona. Kutoka dirisha hili, pampu ilikuwa mkono wa kulia vilevile. Kila kitu kilikubaliana. Kilichokosekana ni mtu.

"Unachora?" alimuuliza mshona wigi.

"Mimi? Hata jina langu siwezi kuchora, afande. Mlango wangu sasa nitaufunga na nini?"

"Weka hivyo vichwa," Gadd alisema. "Mwizi akiona umati wa namna hiyo atakimbia mwenyewe."

Walishuka ngazi. Silas alikuwa na hasira, lakini si na mshona wigi. Alikuwa na hasira kwa sababu hakuona wapi alipokosea.

Picha yenyewe ilikuwa na siku tisa tu mjini London. Ilimwonyesha waziri, Lord Wexcombe, amekaa mezani asubuhi, tumbo limelala juu ya kitambaa, na mbele yake yai la kuchemsha. Yai limevaa taji. Waziri ameinua kijiko, na nje ya dirisha lake umati wa mtaani unacheka. Basi. Watu walijazana dirishani kwa muuza picha mpaka magari ya farasi yakashindwa kupita, na ilisemekana mtumishi wa waziri mwenyewe alitumwa kununua nakala mbili. Waziri alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili mtu fulani alimweleza maana ya lile taji, kwamba yai ni mfalme na yeye ndiye anayemla, akaacha kucheka.

Muuza picha alikuwa tayari gerezani. Kila asubuhi aliapa kwamba bamba la shaba lililochapiwa picha ile aliliokota mlangoni, limefungwa kwenye gunia. Hakimu alimpa Silas mpaka Jumamosi. Leo ilikuwa Ijumaa. Mchoraji akipatikana, meli ya wafungwa ilikuwa ikimngoja, na kifungo ni cha miaka kumi na minne ng'ambo ya dunia.

Silas alikuwa mtu wa kukamata wezi wa farasi. Mambo ya picha hakuyajua, kwa hiyo aliyafanyia kazi kama anavyofanyia kazi nyayo za farasi. Alikusanya picha zote zilizochorwa na mkono ule ule, zikafika kumi na moja katika miaka saba. Akazipanga sakafuni kwake kwa tarehe. Mawaziri walibadilika, maaskofu walibadilika, vichekesho vilibadilika. Kitu kimoja hakikubadilika. Pembeni mwa kila picha, katikati ya watu wanaocheka, palikuwa na mwanamke mwenye kikapu. Yeye hakucheka. Hakuhusika na kichekesho chochote. Alikuwa amesimama tu, ameangalia upande.

Katika tatu za mwisho, kando yake palikuwa na pampu. Silas alitembea London siku nne akitafuta pampu ile, mpaka akaipata hapa, na yule mwanamke naye akamkuta hapo hapo.

Aliitwa Tamsin Roake. Na kwenye majalada ya ofisi palikuwa na Lucas Roake, fundi wa kuchora kwenye shaba, aliyetoroka miaka saba iliyopita, siku moja kabla ya kufungwa shingo kwenye mbao za aibu kwa ajili ya picha ya askofu. Jalada lilisema alikimbilia Uholanzi. Halikusema alirudi.

Sasa Silas alivuka mpaka kwenye pampu. Wanawake waliokuwa wakijaza ndoo walimpisha, si kwa heshima.

"Mmempata?" Tamsin Roake aliuliza kabla hajasalimiwa. Alikuwa na miaka thelathini na ushee, mwembamba, amevaa kofia ya kiume yenye ukingo mpana. "Mwangalieni vizuri yule mshona wigi. Mke wa mchinjaji alinunua wigi kwake, mvua ikanyesha, ikaanza kunuka kama mbuzi."

Wanawake wakacheka. Gadd naye akacheka, kisha akakumbuka kazi.

"Nipe mkate mmoja," Silas alisema.

"Chukua. Polisi wakila wanakuwa wapole kidogo."

Aliuma. Ulikuwa mkate mzuri. Akaikunjua picha mbele yake. "Huyu ni nani?"

Tamsin aliitazama. Hakuitazama kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Jicho lake halikwenda kwa waziri, wala kwenye yai. Lilikwenda moja kwa moja kwenye kona.

"Mwanamke mwenye kikapu," alisema. "Mji huu unao elfu tano."

"Wenye kofia ya kiume?"

"Upepo haujali kofia ni ya nani."

"Ulianza kuivaa lini?"

"Septemba. Ilikuwa ya kaka yangu. Alikufa baharini, wakaniletea kofia. Una swali jingine la kunifurahisha?"

"Mume wako yuko wapi?"

"Uholanzi. Mlinambia ninyi wenyewe, mlipokuja kupekua hata unga wangu."

"Anakuandikia?"

"Angeandika, barua ningeisoma mimi au ungeisoma wewe?"

 Silas alikuwa ameiona barua moja ya zamani kwenye jalada, muhuri umevunjwa na mtu wa ofisi. Mwanamke huyu hakuwahi kuipokea.

"Ni wewe huyu," alisema akigonga picha kwa kidole.

"Si mimi. Na nitakuonyesha kwa nini, ili uniache niuze." Tamsin aliinua mkono wake wa kushoto. Uliinuka wote kwa pamoja, umenyooka kama mpini wa jembe. "Mkono huu haukunjiki. Mkokoteni ulipita juu yake nikiwa na miaka tisa. Kikapu nabeba mkono wa kulia, siku zote, muulize yeyote hapa. Huyo wa kwenye picha yako kabeba kushoto. Umeona? Sasa nenda kamtafute mwenye mikono miwili mizima."

"Ni kweli, afande," mwanamke mmoja mwenye ndoo alisema. "Huo mkono hata mtoto hauwezi kumbeba."

Silas aliangalia picha. Aliangalia mkono. Ilikuwa kweli. Akaikunja picha, akamshukuru kwa mkate, akaondoka. Nyuma yake alisikia kicheko, lakini cha Tamsin hakikuwamo.

"Tumepoteza wiki nzima," Gadd alisema.

"Twende kwa Crull."

Jabez Crull alikuwa mchapaji. Hakuchora na hakuuza. Alipewa bamba la shaba, akalipaka wino, akachapa. Duka lake lilikuwa chini ya ardhi, lina unyevu, na karatasi zilizoloweshwa zilining'inia kwenye kamba kama nguo za familia kubwa. Silas alikuwa na nia ya kumuuliza habari za wino tu.

Crull alikuwa kazini. Alilaza karatasi mbichi juu ya bamba, akaifunika kwa blanketi, akazungusha gurudumu la mashine kwa mikono na mguu. Kisha akaikamata karatasi kwa ncha za vidole na kuibandua taratibu. Ilikuwa picha ya jenerali mnene amepanda kobe. Silas aliangalia karatasi, halafu akaangalia bamba. Kwenye bamba, kobe alikuwa akienda kushoto. Kwenye karatasi, alikuwa akienda kulia.

"Rudia," alisema.

"Kurudia nini?"

"Hapo. Kobe amegeuka."

Crull alimtazama kwa huruma. "Wewe ndiye uliyepewa kesi ya picha? Mungu aisaidie serikali. Kila kitu kwenye shaba hugeuka, bwana. Cha kulia kinatoka kushoto. Ndiyo maana fundi huchora kwanza kwenye karatasi, akaigeuza, akanakili kinyume kwenye nta iliyopakwa juu ya bamba, kisha tindikali ikaila shaba penye mistari. Asipofanya hivyo, kila mwanajeshi atavaa upanga kiuno cha kulia, na watu watamcheka fundi badala ya mwanajeshi."

Silas alitandika picha ya waziri juu ya meza. "Na hii?"

Crull aliinama, akavaa miwani. Alipoongea sauti yake ilikuwa imepungua dharau.

"Waziri kageuzwa vizuri. Kijiko mkono wa kulia, vifungo vya koti upande wake. Huyu ni fundi kweli." Kidole chake cheusi kikahamia kona. "Lakini huyu mama hakupitia karatasi. Angalia mistari. Haina pa kusita. Amechorwa moja kwa moja kwenye nta, kwa sindano, mtu akiwa anamwangalia yeye mwenyewe. Kwa hiyo katoka kinyume."

"Alisahau?"

"Fundi huyu? Hasahau huyu."

"Sasa kwa nini?"

Crull alivua miwani na kuifuta kwa kitambaa kichafu zaidi kuliko miwani. "Ukinakili, unaangalia karatasi. Huyu alitaka kuangalia mtu. Mimi ni mchapaji tu, lakini ndivyo ninavyoona."

Silas aliichukua picha, akaikazia macho. Kikapu mkono wa kushoto. Maana yake mkono wa kulia. Na ule mkono mwingine, ambao hakuwahi kuutilia maanani, ulining'inia umenyooka kabisa, bila kiwiko. Tamsin Roake alikuwa amemkinga mumewe kwa ushahidi mmoja, na ushahidi ule ule ulikuwa umemfunga.

"Pampu," alisema.

"Pampu imefanya nini?" Gadd aliuliza.

"Nayo imegeuka. Haikuonekana mkono wa kulia. Ilionekana kushoto. Tulivunja mlango wa upande mbaya wa uchochoro."

Saa nane mchana walikuwa wamerudi. Ng'ambo ya kwa mshona wigi palikuwa na nyumba moja ndefu ya ghorofa nne, iliyochoka, imekatwakatwa vyumba vya kupanga. Silas alihesabu madirisha yanayotazama pampu. Kumi na mawili. Paa lake liliungana na mapaa mengine sita. Ukivunja mlango usio wenyewe, mtu wa chumba cha pili anakuwa ameshavuka mabomba ya moshi na kushukia barabara nyingine.

"Niite watu ishirini," Gadd alisema.

"Ishirini wakiingia uchochoro huu, panya watajua, seuze yeye. Nataka dirisha moja. Kuna mtu atanionyesha."

Alimweka Gadd mlangoni mwa duka la mishumaa, akaenda tena kwenye pampu. Wanawake wa ndoo walikuwa wamepungua. Tamsin alimwona akija, akashusha pumzi.

"Umerudia mkate?"

"Nimekuja kukwambia jambo. Halafu sitakuuliza kitu." Silas alisimama karibu ili wengine wasisikie. "Nina picha zake kumi na moja. Uko katika zote. Katika nane za kwanza una miaka ishirini na tano. Miaka minne inapita, na wewe bado una miaka ishirini na tano, shavu lile lile, kofia ile ile ya kitambaa. Huyo ni mtu anayechora kwa kukumbuka. Halafu inakuja pampu. Katika picha za pampu, unakonda. Hapa una mstari kando ya mdomo. Katika hii ya mwisho una kofia ya kaka yako, aliyekufa mwaka huu."  "Hayuko Uholanzi, Bi Roake. Amerudi miaka mitatu sasa. Anakuona kila siku, kutoka moja ya madirisha haya."

Hakuonyesha ni madirisha gani. Alikuwa ameshasema ya kutosha. Alirudi nyuma hatua mbili, akaegemea pampu, akamkazia macho usoni. Mtu yeyote angeinua kichwa kumtafuta, na jicho lake lingetua kwenye dirisha lenyewe. Yeye mwenyewe angeinua.

Tamsin hakuinua.

Rangi ilimtoka, ikarudi, ikamtoka tena. Mdomo wake ulifunguka. Shingo yake ilianza kugeuka, Silas aliuona mshipa ukivutika, kisha akaizuia. Akatazama ndani ya kikapu chake kana kwamba kuna kitu kimedondoka humo.

"Miaka mitatu," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka mitatu mimi nakwenda kwenye dirisha la muuza picha. Ikitoka picha mpya nasukumana na watu, natazama ile kona, najua yu hai. Narudi nyumbani. Nasema, basi, huko aliko anakula." Alipumua. "Na alikuwa hapa."

"Angeshuka, tungemkamata. Ofisi ilikuwa na mtu wa kukuangalia wewe."

"Namjua. Yule mwenye pua nyekundu. Nilikuwa namuuzia mikate." Alivuta kofia chini, ukingo ukafunika macho. "Wewe una mke?"

"Nilikuwa naye."

"Ungekuwa naye bado, usingefanya hivi."

"Ningefanya," Silas alisema. "Ni kazi."

Hakuondoka. Saa ya kanisa ikagonga nane na nusu, ikagonga tisa. Tamsin aliuza mikate akiwa ameinamisha uso. Mtoto alipomwita kutoka dirisha la juu la kwa mshona wigi akitaka mkate, hakumwangalia. Aliuinua tu mkate hewani na kusema mtu aje kuuchukua. Mzee mmoja alimsifia kofia, akamshukuru huku anatazama viatu vyake. Mara mbili Silas aliiona shingo ile ikipigana na mwenyewe. Mara ya pili alitia mikate miwili mkononi mwa mteja aliyeomba mmoja, na mteja akaondoka haraka kabla hajagutuka.

Gadd alisogea. "Mkuu, huyu mwanamke ni jiwe."

"Nyamaza."

Saa tisa na nusu, mapema kuliko siku zote, Tamsin alifunika kikapu kwa kitambaa, mikate ikiwa bado imo.

"Unakwenda wapi?" Silas aliuliza.

"Kuuza kwingine. Mji ni mkubwa."

"Miaka mingi umeuza hapa."

"Sasa nimechoka na hapa."

"Ukihama hatakuona tena."

"Najua," alisema. "Na wewe hutamwona. Kesho ni Jumamosi, si ndiyo? Kila mtu uchochoroni anajua una mpaka Jumamosi. Huyo mnene wako hawezi kukaa na neno."

Gadd akatazama pembeni. Tamsin alipitisha mkono wake wa kulia kwenye mpini wa kikapu, akaanza kutembea kuelekea mtoni. Alitembea katikati ya uchochoro, chini kabisa ya yale madirisha kumi na mawili, kichwa kimeinama, bila kuharakisha. Alipita mlango wa nyumba. Alipita duka la mishumaa. Hakutazama juu.

Silas alifanya hesabu zake na kuona ameshindwa. Kwa kweli hakuona kingine cha kufanya. Alikuwa ameshageuka kumwita Gadd aliposikia mbao zikilia. Lilikuwa dirisha lililovimba kwa unyevu, ambalo halijafunguliwa muda mrefu. Lilikwama, likapigwa ngumi, likapanda.

"Tamsin!"

Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hakuzoea tena kupaza sauti. Ilikatika katikati.

Tamsin alisimama. Hakugeuka.

"Tamsin, usiondoke!"

Ghorofa ya tatu, dirisha la pili. Mwanamume alikuwa ameinama nje mpaka kifuani, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, vidole vyeusi kwa tindikali vimeshikilia ukingo. Uchochoro mzima ulimwona. Hapakuwa na cha kuficha tena, na Tamsin alilijua hilo. Aliweka kikapu chini. Akavua kofia ya kaka yake, akageuka, akainua uso wote.

Gadd alikuwa ameshapiga hatua tatu. Silas alimkamata mkanda kwa nyuma.

"Atapanda paa, mkuu!"

"Hapandi popote. Baki hapa chini. Usimguse yule mwanamke, wala usimsemeshe."

Alipanda ngazi peke yake, na alizipanda taratibu, akipumzika kila ghorofa, ingawa hakuwa amechoka. Mlango wa chumba ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo. Ndani palikuwa na meza, mabamba, chupa za tindikali na kitanda cha mtu mmoja. Lucas Roake alikuwa bado dirishani, amempa mgongo. Alisikia hatua, hakugeuka.

"Bado amesimama?" Silas aliuliza.

"Bado."

Silas alitoa pingu mfukoni, akazilaza mezani bila kuzigongesha. Kisha akavuta kiti kilichokuwa karibu na mlango, akaketi.